Sekunde Kumi za Bibi Zulma

Kila siku mchana, akitoka shule, Yamila alifanya mambo yaleyale. Alivua joho jeupe la shule pamoja na utepe mkubwa wa samawati uliofungwa shingoni, akavitundika nyuma ya mlango. Alikula chakula alichoachiwa na mama yake jikoni. Kisha alivuta pazia na kuingia chumba cha mbele, kwenye studio ya video ya mjomba wake Ademar.

Studio yenyewe ilikuwa meza mbili, viti vitatu na kompyuta kuukuu iliyonguruma kuliko friji. Hata hivyo, watu wa pande zote mbili za barabara waliijua. Ademar Fagúndez ndiye aliyewapiga video wakibatizwa, wakitimiza miaka kumi na mitano, wakioana, na wengine, kama alivyopenda kutania, wakikosana kabla keki haijakatwa.

Nasema pande zote mbili kwa sababu mji wa Rivera ndivyo ulivyo. Upande huu wa barabara ni Uruguay, upande wa pili ni Brazili, na mtu huvuka kwenda kununua mkate akarudi maji yakiwa bado motoni. Watu wamezoeana, lugha zimechanganyika, familia zimeoleana. Umeme tu ndio uliokataa kupatana. Taa za Rivera hupepesa kwa mwendo wake na taa za ng'ambo kwa mwendo wake. Jicho halioni kitu, lakini kamera inaona.

Kwa hiyo Ademar alikuwa na kamera mbili. Ile aliyoibandika plasta ya samawati ilikuwa ya Rivera, nayo ilipiga picha ishirini na tano kila sekunde. Ile yenye plasta ya kijani ilikuwa ya ng'ambo, nayo ilipiga picha thelathini. "Ukivuka barabara, badilisha kamera," alikuwa akisema. "Ukisahau, taa za ukumbini zitacheza, na bibi harusi ataonekana kama anaolewa ndani ya radi." Yamila, mwenye miaka kumi na miwili, alilijua hilo kama alivyolijua jina lake. Alijua pia sheria mbili ambazo mjomba wake aliziandika kwa kalamu nene juu ya meza. Ya kwanza: kila kipande unachopiga, hesabu mpaka sitini ndipo uzime. Ya pili: hakuna kufuta kadi ya kamera kabla hujasikiliza kazi yote mpaka mwisho.

Tangu mwezi wa saba Yamila alikuwa akiingia studio na kutoka bila kusema neno. Mwezi huo, katikati ya baridi kali, bibi yake Zulma alifariki. Huyo ndiye aliyekuwa mama yake Ademar na mama yake mama wa Yamila, na ndiye aliyemlea mtoto huyo mama yake alipokuwa dukani kutwa nzima. Siku ya mazishi kila mtu alilia, hata muuza mkate. Yamila alisimama akihesabu misalaba. Jirani mmoja akanong'ona kwa sauti ya kusikika, "Katoto haka kana moyo mgumu." Yamila alisikia na wala hakukasirika. Moyo wake ulikuwa umekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Alijua ni wake, lakini hakusikia chochote.

Alhamisi moja ya mwezi wa tisa, Ademar alizungusha kiti chake na kumtazama.

"Yami, njoo nikupe kazi ya watu wazima. Jumapili Bibi Iracema anatimiza themanini, unajua?"

"Najua."

Bibi Iracema alikuwa mdogo wake Bibi Zulma, na nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya barabara. Kwa zaidi ya miaka hamsini akina dada hao walitembeleana kila siku. Mmoja alivuka na chakula, mwingine aliweka maji ya chai ile chungu inayonywewa kibuyuni kwa mrija, wakakaa mlangoni wakiwasema watu wote waliopita. Sasa dada mmoja alikuwa kaburini, na macho ya yule mwingine yalikuwa yamefifia. Iracema aliona vivuli tu.

"Nataka tumpe video ya familia," Ademar aliendelea. "Sasa we utasema, video ya nini kwa mtu asiyeona? Hatatazama, atasikiliza. Anachokitaka yule mama ni sauti ya dada yake, basi. Ameniuliza mara tatu wiki hii. Mwezi wa tano, ile siku ya mvua, nyinyi watoto mlishinda mkichezea kamera na simu huku na huko. Nasikia mama yangu yumo mahali fulani. Mtafute."

"Sawa."

"Vipande vyote viwe thelathini, maana vingi ni vya ng'ambo. Vile vya ishirini na tano, usivilazimishe. Iache mashine iongeze picha tano kila sekunde, iwe inanakili zile zilizo kando yake. Inachukua saa nzima, najua, we kaa nayo tu. Ukiiambia kwamba ishirini na tano ni thelathini, haitabisha. Itazikimbiza tu picha. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Mjomba."

"Kesho saa kumi nakwenda harusi ya shambani, nitarudi Jumamosi jioni. Nitaihitaji kadi ya kamera ya samawati ikiwa tupu. Lakini usikilize kwanza." Akaonyesha maandishi ya ukutani kwa kidevu.

Siku iliyofuata Yamila alikaa mbele ya kompyuta. Akafungua vipande kimoja kimoja. Éverton, mjukuu wa Bibi Iracema, akijaribu kupiga danadana na ndimu kwenye uwanja wa ng'ambo. Mbwa wa jirani. Éverton tena, akiimba vibaya makusudi. Kisha kikaja kipande kimoja cha kamera ya samawati: mlango wa nyumba yao, manyunyu ya mvua, na Bibi Zulma akitoka na bakuli lililofunikwa kitambaa.

Yamila alikijua kipande hicho, kwa sababu alikipiga mwenyewe. Alikisimamisha kabla bibi hajafungua kinywa, akazima spika.

Aliogopa, na nitasema aliogopa nini. Hakuogopa kulia. Aliogopa kwamba angeisikia sauti ile na asisikie chochote moyoni, kama siku ya mazishi, na hapo angejua kwamba yule jirani alisema kweli.

Kwa hiyo alifanya kazi bila sauti na bila kutazama. Hakutaka kukaa saa nzima mashine ikimtengenezea bibi yake picha moja baada ya nyingine mbele ya macho yake. Alichagua vipande vyote kwa mkupuo, vya samawati na vya kijani na vya simu, akaiambia kompyuta kwamba vyote ni thelathini. Kompyuta haikubisha. Ikaviandika vyote upya kwa umbo moja ndani ya dakika nne. Akavifuta vile vipande vya awali na kulisafisha jaa la kompyuta, maana nafasi ilikuwa imejaa, kisha akaifuta na kadi. Saa kumi kasoro robo Ademar aliichukua, akambusu utosini na kuondoka. Usiku ule kadi hiyo ilijazwa bwana harusi, ng'ombe wa kuchoma na wazee wakicheza.

Jumamosi asubuhi mama yake alimtuma apeleke sukari kwa Bibi Iracema. Alimkuta bibi huyo jikoni, akitafuta birika kwa viganja.

"Ni nani? Usiniambie. Hatua za kuburuta hizo… Yamila."

"Ndiyo, bibi. Shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kaa. Ademar ameniambia kesho nitamsikia Zulma." Aliisema kwa upole, kama mtu anayeogopa kumwaga kitu. "Unajua, uso wake bado ninao. Hapa." Akagusa paji la uso. "Ila sauti inanitoroka. Nikiamka asubuhi naitafuta, napata maneno tu, sauti siipati. Umeisikiliza, wewe? Imetoka vizuri?"

"Imetoka," alisema Yamila.

Alirudi nyumbani moja kwa moja, akawasha kompyuta na spika. Bibi Zulma alitoka mlangoni. Hakutoka kwa mwendo wake wa kuyumba, ule wa nyonga mbovu. Alitoka akidonoadonoa hatua kama kuku aliyefukuzwa, na alipofungua kinywa, kilichotoka kilikuwa mlio mwembamba wa mtoto anayeiga watu wazima. Yamila alizima kabla ya mwisho. Pembeni ya kioo kuliandikwa urefu wa kipande: sekunde hamsini.

Alikumbuka vizuri. Siku ile alihesabu mpaka sitini ndipo akazima, kama sheria ilivyosema. Sekunde kumi hazikuwepo.

Alikaa akiitazama ile hamsini. Alingoja hofu ije, au aibu, au chochote. Hakikuja kitu. Aliingia chumbani kwake akalala kifudifudi, na Ademar aliporudi jioni na kuuliza kama kila kitu kiko tayari, alijibu kwamba kiko tayari.

Jumapili asubuhi, saa tatu kabla ya sherehe, Ademar alikaa na kibuyu chake cha chai kuipitia kazi. Alicheka kwa ile danadana ya ndimu. Kisha akatoka mama yake. Mrija ukabaki mdomoni.

"Hii nini?" Akarudisha nyuma. Akasikiliza tena. "Yami! Hii nini? Nani amepiga hii?"

Wakati huohuo mlango ulisukumwa, akaingia Éverton, miaka kumi na minne, mrefu na mwembamba, amekuja kubeba spika za sherehe. "Salamu zenu, wakubwa wa sinema!" alisema. "Nimekuja kuchukua zile kelele."

Yamila alimtazama Éverton. Neno lilitoka kabla hajalipima.

"Alipiga Éverton. Kwa simu yake. Ilikuja hivyohivyo."

"Mimi?" Éverton alisogea kwenye kioo. Akasikia ule mlio, na utani wote ukamtoka usoni. "Huyu ni… Bibi Zulma?"

"Simu yako ile ya kuokoteza!" Ademar aliinua mikono. "Nimekwambia mara ngapi? Ikikosa mwanga inaruka picha. Angalia, imeziruka, na sauti imebanwa ili ifuate. Mvua, wingu, na simu hiyo. Lo!"

"Mjomba, sikumbuki kama…"

"Hukumbuki! Ulipiga vipande vingapi siku ile?"

"Vingi," alisema Éverton kwa sauti ndogo. "Kama ishirini."

Ademar alijaribu. Alipunguza mwendo kwa kukisia, Bibi Zulma akanguruma kama mlevi. Akaongeza kidogo, akatoka mgonjwa wa mafua. Akakisia mara tano, mara sita, kila mara akikomea kwenye maneno ya kwanza na kutikisa kichwa. Mwishowe aliiacha panya ya kompyuta na kujifuta uso kwa viganja.

"Haiwezekani. Kama picha zingekuwa zimebanwa, ningezitanua. Kama zingekuwa zimenakiliwa, ningezitoa. Lakini picha ambayo simu haikuipiga haipo popote, siwezi kuirudisha. Na siwezi kumpa mama yule kitu hiki. Atasema tunamdhihaki dada yake." Akaishika tena panya. "Nakitoa. Nitawaambia haikupatikana."

Akakikata kipande kile, akakitupa kwenye jaa la kompyuta. Video ikajifunga, ndimu ya Éverton ikapakana na mbwa wa jirani, kama vile katikati yao hapakuwahi kuwa na mtu. Yamila aliona hayo akiwa amesimama kando. Éverton alibeba spika moja, akatoka. Ilikuwa mara ya kwanza mvulana huyo kutoka nyumba ya watu bila kutania.

Saa sita walivuka barabara, Ademar na televisheni begani, mama yake Yamila na majirani wawili walioalikwa, na Yamila na keki iliyopakwa maziwa matamu ya kahawia. Uani kwa Bibi Iracema viti vilikuwa vimepangwa. Bibi mwenyewe alikaa katikati, nywele zimechanwa, amevaa hereni. Éverton alikuwa amepiga magoti mbele yake.

"Nisamehe, bibi," alikuwa akisema, na alikuwa akilia waziwazi, mvulana mzima, bila kujali nani anaona. "Simu yangu ndiyo imeharibu. Sauti ya Bibi Zulma haipo tena. Mimi hata sikumbuki, lakini nilipiga vingi siku ile, ni mimi tu. Nisamehe."

 Mkono wa Bibi Iracema ulitafuta kichwa cha mjukuu wake, ukakipata.

"Basi," alisema. "Basi, mwanangu. Usilie. Nitaendelea kuitafuta mwenyewe."

Lakini alivua zile hereni, moja baada ya nyingine, akaziweka mapajani.

Yamila aliziona hereni. Alimwona Éverton akililia kosa ambalo hakulifanya, ilhali yeye aliyelifanya alikuwa amesimama na keki, macho makavu. Kitu kikamchoma kifuani. Kilikuwa kidogo, kama sindano, lakini alikisikia.

"Si Éverton," alisema.

Hakuna aliyegeuka. Akaiweka keki mezani.

"Si Éverton! Nilipiga mimi. Kwa kamera ya samawati."

Sasa waligeuka wote. Ademar aliishusha televisheni chini polepole. "Umesema?"

"Ilikuwa ya samawati, picha ishirini na tano. Nilichagua vipande vyote nikaiambia mashine ni thelathini. Sikuacha iongeze picha. Nilizima sauti, sikusikiliza hata kidogo. Halafu nikafuta kadi. Nikasema ni Éverton." Alivuta pumzi. "Nimesema uongo, Mjomba."

"Yamila!" mama yake alianza, lakini Ademar alimzuia kwa mkono. Uso wake ulikuwa na jambo ambalo Yamila hakulitegemea. Hakuwa amekasirika, au kama alikuwa amekasirika, hasira ilisubiri zamu yake.

"Rudia. Uliiambia ni ngapi?"

"Thelathini."

"Na zilikuwa ishirini na tano. Una hakika?"

"Nina hakika."

"Hukugusa kitu kingine? Hukukata, hukubana?"

"Sikugusa. Sikutaka hata kutazama."

"Kabla ya hapo kilikuwa na urefu gani?"

"Sekunde sitini. Nilihesabu."

Ademar alianza kuhesabu kwa vidole, midomo ikicheza. "Sitini kwa ishirini na tano, elfu moja na mia tano. Elfu moja na mia tano ukizigawa kwa thelathini…" Akasimama. "Hamsini. Hamsini kamili! Yami, kilikuwa hamsini pale, sivyo? Jamani, zimo zote! Hakuna hata moja iliyopotea. Zimekimbizwa tu!" Alikuwa ameshafika mlangoni. "Njoo! Na wewe Éverton, njoo ushuhudie. Bibi Iracema, usile keki bila sisi!"

Walivuka barabara mbio. Ademar alikitoa kipande kutoka alikokitupa, maana alikuwa bado hajasafisha jaa la kompyuta. Akakifungua, na mahali palipoandikwa thelathini akaandika ishirini na tano. Akaupunguza na mwendo wa sauti kwa kiasi kilekile, ukabaki sehemu tano kati ya sita. Ile hamsini ya pembeni ikabadilika, ikawa dakika moja kamili. Kisha akaiamuru mashine iongeze zile picha tano kila sekunde, kama ilivyotakiwa tangu mwanzo, na kwa kuwa kipande kilikuwa kimoja tu, hawakungoja sana kabla ya kukirudisha mahali pake kwenye video.

Akamvisha Yamila vipokea sauti vya masikioni. "Safari hii unasikiliza mpaka mwisho."

Bibi Zulma alitoka mlangoni, akiyumba. Nyonga mbovu ilikuwa imerudi. Manyunyu yalianguka taratibu kwenye kitambaa cha bakuli. Alitazama kushoto, alitazama kulia, akaita kwa sauti yake nzito iliyokwaruzwa na miaka ya sigara alizoziacha, "Iracema! Iracema, weka maji, naleta maandazi!" Kisha akacheka, kwa sababu mvua ilimwingia shingoni. Alitukana wingu kidogo. Akaanza kuvuka.

Ilipofika sekunde ya hamsini alisimama katikati ya barabara, mguu mmoja nchi hii na mmoja ile, akageuka na kuitazama kamera. Yamila alikuwa amesahau kabisa kwamba aligeuka.

"We Yami," alisema Bibi Zulma. "Weka hicho kidude chini uje ule. Yatapoa. Haya, njoo, mwanangu."

Picha ikazimika.

Mguu uliokufa ganzi, ukianza kuamka, huuma. Kila mtu anajua. Yamila aliinamisha kichwa juu ya meza na kulia machozi yote ya mwezi wa saba, ya wa nane na ya wa tisa, kwa sauti kubwa na kamasi, na mkono wa mjomba wake ulikaa mgongoni mwake muda wote huo. Éverton alisimama mlangoni akikanyagakanyaga.

Alipotulia, Yamila alimgeukia. "Nisamehe, Éverton. Nilikusingizia, na wewe hukufanya kitu."

Éverton alijikuna shingo. "Nimelia mbele ya majirani wawili, unajua? Na mmoja ana binti shuleni kwetu. Nirudishie machozi yangu."

"Nitarudishaje?"

"Utanipa kipande chako cha keki. Na changu pia nakula." Akamsukuma bega kidogo, na Yamila akajua kwamba yameisha.

Walipokuwa wakivuka barabara, Ademar alipunguza mwendo ili atembee sambamba naye. Sasa zamu ya hasira ilikuwa imefika, lakini ilifika imetulia.

"Umevunja sheria ya kusikiliza, na umefuta kadi. Mwezi mzima utasikiliza kila kazi inayotoka pale, hata hotuba za wakwe. Hilo ni la uzembe, na uzembe nausamehe. Lakini sikia la pili, hili ulishike. Uliponiambia ni simu ya Éverton, nilikuamini. Nikaamini picha hazipo, nikamtupa mama yangu kwenye jaa kwa mkono wangu mwenyewe. Ningelisafisha lile jaa leo jioni. Zote elfu moja na mia tano zilikuwemo, Yami. Kilichokuwa kimekosekana ni mtu wa kuniambia alichokifanya. Ukiharibu, sema umeharibu nini na umeharibuje. Kuna mtu atajua pa kuanzia."

"Ndiyo, Mjomba."

"Na Éverton angebeba kosa lako mpaka uzeeni. Hilo ningelitengeneza kwa mashine gani?"

 Yamila alifuta uso kwa mkono wa sweta.

Uani watu walikuwa wangali wamekaa. Yamila alisimama mbele yao, akasema tena kwamba alimsingizia Éverton, kwa sauti ambayo hata jirani wa mwisho aliisikia. Kisha akachutama karibu na kiti cha Bibi Iracema. Ademar aliwasha televisheni. Ndimu ikadunda, watu wakacheka. Halafu ikaja mvua, na ile sauti nzito ikaujaza ua.

"Iracema! Iracema, weka maji, naleta maandazi!"

Bibi Iracema alinyoosha shingo, uso umeelekea barabarani.

"Yako motoni, Zulma!" alijibu kwa nguvu. "Yako motoni tangu saa ile! Umekawia wapi?"

Hakuna aliyecheka. Kipande kilipokwisha, alipapasa mapajani, akazipata hereni, akaanza kujivisha tena. Ile ya kushoto ilimshinda, Yamila akamsaidia.

"Ni yeye," alisema Bibi Iracema. "Ni yeye mzima?"

"Mzima, bibi. Sekunde sitini. Sasa nimesikiliza mpaka mwisho."

"Basi mwambie Ademar aanze tena," alisema Bibi Iracema, "na wewe nenda ukale, kama alivyokwambia."